Georges Lemaître: Padri aliyegundua mwanzo wa ulimwengu akakataa kuufanya mahubiri

NIMESAFIRI mara nyingi kwa mabasi yanayotoka Kampala kuja Kigali, na yale ya kutoka Dar es Salaam yanayopita Rusumo, na karibu kila safari kuna mhubiri. Basi likishaiacha stendi anasimama katikati ya viti, anaiombea safari, kisha anafungua Biblia. Mara nyingi atafika kwenye habari ya uumbaji, na hapo huwageukia wasomi: kwamba wanadai dunia ilitokana na mlipuko, kwamba wamemfukuza Mungu kwenye kazi yake mwenyewe. Wafanyabiashara wenye marobota yao huitikia amina. Mwanafunzi aliyekaa dirishani na daftari la fizikia hunyamaza.

Mwanafunzi huyo ndiye anayenisumbua. Katika familia nyingi zilizorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, kanisa au msikiti ndio uliowashika watu pamoja kambini, na shule ndiyo waliyoitegemea kuwatoa kambini. Kijana akiambiwa achague kimoja, anaambiwa atupe nusu ya malezi yake. Nimewaona walioacha kusali kwa sababu ya kitabu cha shule, na nimewaona walioacha masomo ya sayansi kwa sababu ya mahubiri. Wote wawili waliuziwa ugomvi ambao si lazima uwepo.

Kwani jambo ambalo mhubiri wa kwenye basi halijui, na pengine hata mwalimu wa yule kijana halijui, ni kwamba mtu aliyetoa wazo la ule mlipuko alikuwa padri wa Kanisa Katoliki. Alivaa kanzu nyeusi na kola nyeupe, akaadhimisha misa, akasali sala zake za kila siku kama mapadri wote. Jina lake ni Georges Lemaître, raia wa Ubelgiji.

Ubelgiji tunaijua. Ndiyo iliyoitawala Congo hadi mwaka 1960, na Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962. Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, alikofundisha Lemaître karibu maisha yake yote ya kazi, ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Lovanium pale Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1954. Wazee wetu waliosoma shule za misheni wanakumbuka majina ya wafalme wa Ubelgiji na ya maaskofu wake. Bado sijakutana na mzee aliyefundishwa jina la Lemaître.

Alizaliwa Julai 17, 1894 katika mji wa Charleroi, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya vioo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne, wote wavulana. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda cha vioo. Mama yake, Marguerite, alikuwa binti wa mtengeneza bia. Georges alianza kusema angali mdogo kwamba anataka kuwa padri, na wakati huohuo alikuwa mkali wa hesabu katika shule ya Wajesuti. Mwaka 1910 kiwanda cha baba yake kiliteketea kwa moto, familia ikahamia Brussels na baba akaajiriwa benki. Mwaka uliofuata kijana alijiunga na Louvain kusomea uhandisi wa migodi. Katika nchi ya makaa ya mawe mhandisi wa migodi hakosi kazi, na familia iliyounguliwa na kiwanda inajua thamani ya mshahara.

Kisha ikaja vita. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji, na mwezi huohuo yakauchoma moto mji wa Louvain pamoja na maktaba ya chuo. Lemaître, akiwa na miaka 20, alijitolea jeshini pamoja na mdogo wake Jacques. Alikaa vitani miaka minne, kwanza katika askari wa miguu na baadaye katika kikosi cha mizinga. Aprili 1915 alishuhudia pale Ypres Wajerumani wakiachia gesi ya klorini juu ya mahandaki, na watu wakifa kwa kukosa pumzi. Inaelezwa kuwa aliwahi kukikosoa kitabu cha mahesabu ya mizinga mbele ya mkufunzi wake, na kwa utundu huo hakupandishwa cheo kuwa ofisa. Alitoka vitani na nishani ya vita.

Ndani ya mahandaki hayo alikuwa na vitabu vya aina mbili: vya fizikia, na Biblia. Kitabu cha Mwanzo alikisoma sana. Msomaji aliyewahi kuwa porini au kambini hatashangaa kwamba mtu anayezungukwa na mauti huanza kuuliza mambo haya yote yalianzia wapi.

Vita ilipokwisha aliacha uhandisi na kugeukia hesabu na fizikia, akapata udaktari wake mwaka 1920. Oktoba mwaka huo akaingia seminari ya Mechelen, katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya watu waliochelewa kujiunga na utumishi, wengi wao wakiwa wametoka jeshini. Wakubwa wake walimruhusu kuendelea kusoma nadharia mpya za Albert Einstein kuhusu nafasi, wakati na nguvu ya mvutano.

Hapo seminarini, mwaka 1921, aliandika karatasi ambayo hakuichapisha. Alichukua maneno ya kwanza ambayo Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu aliyatamka, yale ya kuamuru nuru iwepo, akajaribu kuyafafanua kwa fizikia ya mwanga ya wakati ule, kana kwamba Musa alikuwa akifundisha darasa la sayansi kwa mafumbo. Ilikuwa kazi ya kijana mwenye akili na imani, na kwa maoni yangu ndiyo hasa inayofanywa leo na wahubiri wetu wengi waliosoma. Baadaye aliiweka kando asirudi tena kwenye njia hiyo. Ninaomba msomaji aikumbuke karatasi hii, kwa sababu miaka 30 baadaye mtu mkubwa kuliko yeye atafanya jambo lilelile hadharani.

Alipadrishwa na Kadinali Mercier Septemba 22, 1923, na baada ya siku chache akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza. Mwalimu wake huko alikuwa Arthur Eddington, mtu wa dhehebu la Waquaker na mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyota. Ni Eddington aliyekwenda mwaka 1919 hadi kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi wa bara letu, kupiga picha za kupatwa kwa jua na kuonyesha kwamba nuru ya nyota hupinda kama Einstein alivyokokotoa. Kutoka Cambridge Lemaître alikwenda Marekani, katika kituo cha nyota cha Harvard, ambako alijua kwa karibu vipimo vipya vya galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali na kundi letu.

Hapa inabidi nieleze kidogo fizikia yenyewe. Anayeuza bidhaa kando ya barabara ya Rusumo anajua kwamba honi ya lori linalokuja ni nyembamba, na likishampita inakuwa nzito. Nuru nayo ina tabia inayofanana na hiyo: chanzo kikiwa kinatukimbia, rangi yake husogea kuelekea wekundu. Mfano wa lori haukamiliki kwa habari ya galaksi, lakini unatosha. Wataalamu wa Marekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba nuru ya galaksi nyingi imesogea kwenye wekundu. Zilionekana zinatukimbia. Kwa nini? Hakuna aliyekuwa na jibu lililokubalika.

Einstein mwenyewe aliamini ulimwengu umetulia, haupanuki wala hausinyai. Mwaka 1917, alipoona milinganyo yake inakataa kutulia, aliongeza ndani yake kipengele cha ziada ili kuizuia. Padri Lemaître, akiwa amerudi Louvain kufundisha, aliifuata milinganyo hiyo inakokwenda. Mwaka 1927 alichapisha katika jarida la chama cha kisayansi cha Brussels, kwa Kifaransa, makala iliyosema kwamba galaksi hazikimbii kama watu wanaotoka sokoni mvua ikinyesha. Ni nafasi yenyewe iliyo kati yake inayopanuka. Fikiria donge la unga wa maandazi lililotiwa zabibu kavu: likiumuka, kila zabibu huona zabibu nyingine zote zikienda mbali, na iliyo mbali zaidi huonekana kwenda kasi zaidi. Akitumia takwimu za galaksi 42, alikokotoa kiwango cha kupanuka kuwa takriban kilomita 625 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Vipimo vya leo vinakaribia 70. Tofauti ni kubwa, ila kosa lilikuwa kwenye umbali uliopimwa na wengine. Njia yake ilikuwa sahihi.

Karibu hakuna aliyeisoma makala hiyo. Oktoba mwaka huo Einstein alikuja Brussels kwa mkutano wa wanafizikia, Lemaître akapata nafasi ya kuzungumza naye. Einstein alimwambia kwamba hesabu zake hazina kasoro lakini fizikia yake inachukiza. Alimweleza pia kwamba Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, aliyekuwa amekwisha kufariki, alipata majawabu yanayofanana naye mwaka 1922. Lemaître hakuwa na habari hizo. Ebu fikiria padri wa miaka 33 kutoka chuo ambacho wengi hawakukijua, akiambiwa hivyo na mwanafizikia maarufu kuliko wote duniani. Alirudi darasani kwake akaendelea kufundisha.

Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha wazi kwamba galaksi iliyo mbali zaidi hukimbia zaidi, na dunia ikampa sifa yeye. Eddington alipokumbushwa na mwanafunzi wake wa zamani juu ya ile makala ya Kifaransa, aliona aibu, akaitangaza kwa nguvu zote. Mwaka 1931 ilitolewa kwa Kiingereza mjini London, ila sehemu iliyokuwa na kile kiwango cha kupanuka haikuwemo. Kwa miaka mingi watu walihisi kuna hila, kwamba wakubwa walimnyang'anya padri haki yake. Barua iliyochambuliwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba aliyeitafsiri makala na kuikata ni Lemaître mwenyewe. Aliona hakuna maana ya kurudia takwimu za zamani wakati Hubble ana bora zaidi. Sisi tuliozoea kugombania risiti pale forodhani tutasema mtu huyu hakujua biashara.

Lakini jambo kubwa lilikuwa bado. Ikiwa ulimwengu unapanuka, jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na ukirudi nyuma vya kutosha vitu vyote vinakutana. Mei 1931, katika jarida la Nature, Lemaître alitoa wazo kwamba ulimwengu wote ulianza kama kitu kimoja kilichobanana, kama atomu moja kubwa mno iliyogawanyika na kugawanyika hadi kutoa kila kilichopo. Aliongeza kwamba hata nafasi na wakati vilipata maana baada ya mgawanyiko huo kuanza. Barua nzima haifiki kurasa mbili. Hiyo ndiyo mbegu ya kile kinachoitwa leo Mlipuko Mkubwa.

Rasimu iliyochapwa ya barua hiyo ilihifadhiwa, na mwishoni mwake kuna aya iliyofutwa kwa kalamu. Katika aya hiyo padri alisema kwamba anayemwamini Mungu anajua kuwa Mungu amejificha, na kwamba anaweza kufurahi kuona jinsi fizikia inavyouacha uumbaji nyuma ya pazia. Kabla ya kuipeleka barua jaridani aliifuta. Si kwamba aliacha kuyaamini maneno hayo. Aliona hapakuwa mahali pake. Kwangu mimi, kalamu ile iliyopita juu ya aya moja inaeleza msimamo wake kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya sayansi na dini.

Je, kuifuta kulimwondolea shuku? Hata kidogo. Eddington, muumini, hakupenda kabisa wazo la mwanzo wa ghafla. Einstein alikubali kupanuka, na mwaka 1933 pale California aliisifu kazi ya Lemaître, lakini habari ya mwanzo ilimnukia uumbaji wa kanisani. Kila mtu aliitazama kanzu kwanza, hesabu baadaye. Mwaka 1948 wataalamu watatu wa Cambridge, akiwemo Fred Hoyle aliyekuwa hana dini, walitoa nadharia pinzani kwamba ulimwengu hauna mwanzo, upo siku zote, na maada mpya huzaliwa taratibu kujaza nafasi. Mwaka 1949, akizungumza katika redio ya BBC, ni Hoyle aliyelipa wazo la Lemaître jina la Mlipuko Mkubwa. Jina la mpinzani ndilo lililobaki.

Tena wapinzani hawakuwa wajinga. Kwa vipimo vya wakati ule, ulimwengu wa Lemaître ulionekana kuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, wakati miamba ilikuwa ikionyesha kwamba dunia ni kongwe zaidi. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950 vipimo vya umbali viliporekebishwa. Leo umri unaokubalika ni takriban miaka bilioni 13.8.

Sasa tufike Novemba 22, 1951. Siku hiyo Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa mjini Roma. Alieleza kupanuka kwa ulimwengu na umri wake, kisha akasema kwa namna iliyoeleweka na wote kwamba sayansi ya kisasa imefika hadi kuishuhudia ile amri ya kwanza ya Mungu ya kuwepo nuru. Magazeti yalishangilia. Waumini walishangilia. Mtu angetegemea Lemaître, aliyekuwa mjumbe wa Akademia hiyo tangu mwaka 1936, awe wa kwanza kupiga makofi. Nadharia yake ilikuwa imebarikiwa na mkuu wa Kanisa lake.

Yeye alifadhaika. Aliona kwamba nadharia yake, ambayo bado ilikuwa ikibishaniwa, imetwishwa mzigo usiokuwa wake. Kesho vipimo vikionyesha kwamba Hoyle ndiye yuko sahihi, itakuwaje? Je, waumini waambiwe Mungu naye amekanushwa? Aliyejenga imani yake juu ya kipimo cha darubini atalazimika kuibomoa siku darubini kubwa zaidi itakapokuja. Tena angewapa nguvu wale waliosema tangu mwanzo kwamba padri huyu anahubiri kwa kutumia milinganyo.

Hakuandika gazetini wala hakumpinga Papa hadharani. Alikuwa padri mtiifu, na nadhani hata mzee yeyote wa kwetu angefanya kama alivyofanya: alipitia kwa watu wanaostahili. Mwaka 1952 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walikuwa wakutane Roma, na Papa alitarajiwa kuwahutubia tena. Kabla ya mkutano Lemaître alikwenda kuzungumza na watu wa Vatican, akiwemo Padri Daniel O'Connell, Mjesuti aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Papa. Septemba 7, 1952 Papa alitoa hotuba yake. Aliwasifu wataalamu na kazi yao. Kuhusu sayansi kuthibitisha uumbaji hakusema lolote.

Msimamo wa Lemaître, kama alivyoueleza mara kadhaa, ulikuwa kwamba zipo njia mbili za kufikia ukweli, naye aliamua kuzifuata zote mbili. Biblia kwake ilikuwa kitabu cha wokovu. Aliyetaka kujifunza kutoka humo mwendo wa nyota alikuwa amekosea duka. Aliutofautisha pia mwanzo na uumbaji. Mwanzo ni tukio ambalo fizikia inaweza kulikaribia kwa hesabu na vipimo. Uumbaji, kwa mwanateolojia, ni jibu la swali jingine: kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu, na nani anayekishikilia kila dakika, leo kama siku ile ya kwanza. Hata kama ulimwengu usingekuwa na mwanzo, swali hilo lingebaki. Alipenda kumtaja Mungu aliyejificha wa nabii Isaya, asiyepatikana mwishoni mwa mlinganyo.

Wazo hilo halikuwa geni. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa sehemu zinazoitwa leo Algeria, aliwaonya Wakristo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita wasiseme mambo ya upuuzi kuhusu nyota na dunia huku wakidai wameyatoa kwenye Maandiko, wasije wakawafanya wasioamini kuicheka Biblia nzima. Waliompuuza ni wengi. Katika karne ya 17 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alijumlisha vizazi vya Biblia na kutangaza kwamba uumbaji ulifanyika mwaka 4004 kabla ya Kristo, na wapo wanaohubiri hesabu hiyo hadi leo bila kujua ilitoka kwa nani.

Ndugu zangu Waislamu nao wana mjadala huu. Katika mihadhara na kanda zinazouzwa sokoni husikika hoja kwamba aya ya 47 ya Sura Adh-Dhariyat, inayozungumzia mbingu, ilitangulia kueleza kupanuka kwa ulimwengu. Sina elimu ya tafsiri ya Kurani na siwezi kuhukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba wapo pia wasomi wa Kiislamu wanaotahadharisha dhidi ya kuifunga aya kwenye nadharia inayoweza kubadilika, na hofu yao ni ileile iliyompeleka Lemaître Vatican.

Nikiri pia kwamba kesi yake ni nyepesi kuliko ya Darwin. Kumwambia mtu ulimwengu unapanuka hakumgusi ukoo wake. Kumwambia kwamba mwili wake una asili moja na wanyama kunamgusa. Huyohuyo Pius XII alikuwa ameruhusu mwaka 1950 wasomi wajadili asili ya mwili wa binadamu, huku akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Lemaître hakujitosa sana huko. Kila mtu na fani yake.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa malaika, au kwamba alipatia kila kitu. Aliamini kwamba miale inayotoka angani ni mabaki ya ule mgawanyiko wa kwanza, na katika hilo alikosea. Alipenda kula vizuri, alipiga piano, na kicheko chake kilisikika mbali. Mwaka 1958, akiwa na miaka 64, ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza chuoni Louvain na kukaa nayo usiku akiiandikia programu. Ugomvi wa lugha kati ya Wabelgiji wa Kiflemi na wa Kifaransa ulipopamba moto chuoni miaka ya 1960, aliongoza chama cha walimu waliotetea kubaki kwa Kifaransa pale Louvain. Chuo kiligawanyika mara mbili baada ya kifo chake. Aliyeweza kuziweka imani na sayansi katika nyumba moja hakuweza kufanya hivyo kwa lugha mbili za nchi yake.

Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimteua kuwa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, na akapewa hadhi ya monsinyori. Desemba 1964 alipata shambulio la moyo, na baadaye saratani ya damu ikamlaza hospitalini.

Wakati huo wanaastronomia wawili wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakihangaika na antena kubwa huko New Jersey. Ilikuwa ikitoa mlio mdogo usiokwisha, mchana na usiku, kila upande walikoielekeza. Walidhani ni kinyesi cha njiwa waliotaga ndani yake, wakakisafisha. Mlio ukabaki. Mwaka 1965 ilifahamika ni nini: ni joto lililobaki kutoka siku za mwanzo za ulimwengu, lililopoa hadi kufikia karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Wale wenye televisheni za zamani za antena wanakumbuka zile chenga zinazojaa kwenye kioo kituo kisipokamata. Sehemu ndogo ya chenga hizo ni mabaki hayo. Nadharia ya Hoyle haikupata nafuu tena, ingawa mwenyewe aliendelea kuitetea.

Msaidizi wake wa miaka mingi, Odon Godart, ndiye aliyempelekea habari hizo kitandani. Lemaître alifurahi kwamba ushahidi umepatikana. Alifariki Juni 20, 1966, siku chache baada ya mazungumzo hayo, akiwa na miaka 71, akazikwa Marcinelle, jirani na mji aliozaliwa.

Kile kipengele ambacho Einstein alikiongeza na baadaye kukitupa, Lemaître alikataa kukitupa hadi mwisho. Kilirudi mwaka 1998, ilipogundulika kwamba kupanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Mwaka 2014 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo cha mizigo chenye jina lake kwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Na Oktoba 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia walipiga kura, asilimia 78 wakakubali kwamba kanuni ya kupanuka kwa ulimwengu, iliyoitwa ya Hubble kwa karibu miaka 90, iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Vitabu vya shule vilivyochapishwa kabla ya hapo, vikiwemo vile vya mitumba vinavyouzwa kando ya stendi zetu, bado vinamtaja Hubble peke yake.